Masomo nje ya darasa: wazazi na walimu wa Mombasa, mnasemaje?

Mwalimu wa Mtongwe

Assalaam alaykum na habari za jioni nyote.

Nafundisha sayansi na hesabu katika shule ya umma upande wa Likoni, gredi ya 5 na ya 6. Kikao chetu cha wazazi juzi kiliishia katikati ya mabishano, watu wakaondoka kuwahi feri, na mimi sikupata nafasi ya kueleza nililokusudia. Wengi walidhani naomba pesa za safari ya basi. Naomba niandike hapa kwa utulivu.

Ninachotaka ni hiki: kila mtoto wa shule ya msingi apate angalau kipindi kimoja kwa wiki nje ya darasa, kwa miguu, bila mzazi kutoa hata shilingi, na kipindi hicho kiwe somo lenyewe lililo kwenye mtaala. Safari kubwa ya mara moja kwa mwaka siiombei. Naona ndiyo inayotuharibia jambo lenyewe. Mzazi anaambiwa alete elfu sita. Anayeweza analeta. Asiyeweza, mwanawe anabaki shuleni siku nzima akinakili ubaoni, na Jumatatu darasa zima linaambiwa liandike insha juu ya safari ile. Nimewaona watoto wakiandika juu ya mahali ambapo hawakupelekwa. Hilo haliniridhishi hata kidogo.

Sasa tazameni tulicho nacho bila kulipa. Mtoto wa Mtongwe anatembea dakika chache tu kufika kwenye maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kati ya leo na kesho, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa Kilindini hufika karibu mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Mpe mtoto ufito uliotiwa alama za sentimita, auchomeke pwani, asome kila baada ya nusu saa, kisha arudi darasani achore grafu. Somo la grafu limo kwenye kitabu cha hesabu, ila mfano wake ni mauzo ya maembe ya duka ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Namba za ufito amezisoma mwenyewe. Akikosea moja ataona mstari umepinda pasipostahili, na atauliza kwa nini.

Au mikoko. Kenya ina aina tisa za miti ya mikoko na kadhaa kati yake zipo kwenye mikono yetu ya bahari. Jani la mchu, mmoja wa miti hiyo, ukililamba ni chumvi tupu, kwa sababu mti unatoa chumvi kupitia majani yake. Mkoko wenyewe mbegu yake huota ikiwa bado inaning'inia kwa mama, ndipo ianguke topeni ikiwa tayari ni mche. Mtoto anaweza kukariri "mimea hujibadilisha kulingana na mazingira" mara mia asielewe. Jani moja la mchu ulimini linamwelewesha.

Nakaribisha maoni, hasa ya wanaopinga. Wenye hofu wana sababu zao na nataka kuzisikia.

Mama Wawili, Shika Adabu

Mwalimu, nilikuwepo kikaoni na mwanangu unamfundisha wewe. Nakuheshimu sana kwa kazi yako. Lakini darasa lile lina watoto zaidi ya sabini. Wewe ni mmoja. Mkitoka pale langoni kuna bodaboda, kuna tuktuk, kuna malori. Mtoto mmoja akikimbilia mpira, nani atamdaka? Na likitokea la kutokea, mwalimu mkuu atasema hakuruhusu, bodi itasema haikujua, na mimi ndiye nitakayebaki na msiba wangu. Kabla ya kuniambia habari ya mchu na chumvi nijibu hilo kwanza.

Mzee wa Ng'ambo

Mama amesema kweli. Sisi tunaoishi ng'ambo hii tuna kumbukumbu ambayo watu wa kisiwani hawana. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama asubuhi, watu 272 wakafa, na wengi walikuwa wanakwenda kazini tu. Siku ile nilikuwa pwani pale. Tangu hapo mtu akiniambia watoto wengi watakwenda karibu na maji, moyo unanienda mbio. Sikatai elimu. Naomba tu wale wanaopanga wajue wanazungumza na watu gani.

Mwalimu wa Mtongwe

Mzee, shikamoo. Pole sana, na nashukuru umeyasema. Hakuna mpango wangu wowote unaompandisha mtoto chombo. Kwa wa Likoni, masomo yote yatakuwa upande huu huu.

Mama Wawili, umeuliza swali ambalo wizara, bodi na sisi walimu tunapaswa kulijibu kabla ya jambo lingine lolote. Mimi sitatoka na watoto sabini. Nitatoka na nusu, nusu nyingine ibaki na mwalimu mwenzangu, wiki inayofuata wabadilishane. Kila kundi liwe na watu wazima wasiopungua watatu, mmoja mbele, mmoja katikati, mmoja nyuma. Ruhusa iwe ya maandishi, yenye sahihi ya mwalimu mkuu, ili asiweze kuikana. Na muhula wa kwanza wote tusivuke lango. Uwanja wa shule wenyewe una masomo ambayo hatujayagusa: kivuli cha mlingoti wa bendera kwa somo la pembe na mwendo wa jua, eneo na mzingo wa uwanja, siafu, udongo wa kichanga na udongo wa mfinyanzi, mifereji ya mvua. Watoto wakizoea kwamba kutoka nje ni kusoma, nidhamu ya barabarani inakuwa rahisi zaidi. Leo wakitoka wanakimbia kwa sababu nje wanaijua kwa mchezo tu.

Mwalimu mwenzio, Changamwe

Naunga mkono wazo lakini niseme na upande wetu. Mwalimu ana vipindi, ana kusahihisha, ana kupakia alama kwenye mfumo, ana ripoti za kila aina. Ukimwongezea maandalizi ya nje bila kumpunguzia kitu, atafanya wiki mbili kisha ataacha. Tena kuna jua. Februari na Machi hapa Mombasa ni nyuzi 32, 33, na unyevu juu yake. Mtoto aliyekuja shuleni bila kunywa chai ataanguka. Nani ameshapanga maji ya kunywa?

Nataka pia tukumbuke kwamba jambo hili si geni. Januari 2021 shule zilipofunguliwa baada ya korona, serikali yenyewe ilisema watoto wasomee chini ya miti ili wasirundikane. Tulifanya. Baadhi ya watoto wangu walitulia chini ya mwarobaini kuliko walivyowahi kutulia ndani ya mabati. Madarasa yalipotosheleza tena, tukarudi ndani na hakuna aliyeuliza tulijifunza nini pale nje.

Mvuvi Mstaafu, Tudor

Vijana, nimesoma yote. Mwalimu kasema vizuri juu ya bamvua lakini kaacha jambo ambalo lingewafaa sana. Hapa kwetu bamvua maji hupwa asubuhi kama saa nne, saa tano, na hujaa alasiri kama saa kumi hivi. Ni hivyo mwezi baada ya mwezi. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu. Kwa hiyo maji makavu kabisa yanaangukia saa za shule, mara mbili kila mwezi. Hamhitaji kutafuta nafasi kwenye ratiba, mwezi umeshawapangia.

Watoto wa chuoni, yaani madrasa, wanaijua tarehe ya mwezi kila siku, maana wanahesabu Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Waulizeni wao: leo mwezi ngapi? Wakisema mosi au mbili, au kumi na tano au kumi na sita, basi kesho yake mnakwenda pwani. Mimi nilijifunza hivyo kwa babu yangu nikiwa sijui kusoma. Wajukuu zangu wanajua kusoma lakini ukiwauliza maji yanajaa saa ngapi wanatafuta simu.

Na kuhusu jua, mwalimu wa Changamwe, pwani mwende wakati wa kusi, muhula wa pili, baada ya masika. Juni mpaka Agosti hewa ni nzuri. Bahari ya nje inachafuka lakini ndani ya mikono ya bahari ni shwari. Wakati wa kaskazi, miezi ya joto, fanyeni ya uwanjani, asubuhi na mapema.

Mwalimu wa Mtongwe

Mzee wangu, ahsante. Hili la saa nne nitaliandika kwenye ratiba yangu kesho asubuhi. Naona mtu kama wewe ndiye anayepaswa kusimama mbele ya watoto, mimi nishike chaki tu.

Baba wa Nyali

Nitakuwa mkweli. Binti yangu anajiandaa kwa mtihani wa gredi ya 9. Mtihani ule ndio utakaoamua atakwenda sekondari gani na mkondo gani, sayansi au sanaa au mambo ya jamii. Hakuna swali litakaloulizwa kuhusu babu wa mtu na bamvua. Muda ni mchache. Nalipa karo ili afundishwe. Kutembea pwani naweza kumpeleka mwenyewe Jumapili.

Mama wa Mwembe Tayari

Baba wa Nyali, mimi nafanya kazi kwenye duka la miwani, naomba uniruhusu. Watoto wanaoletwa kwetu wasioona mbali wanazidi, na mara nyingi ni wale wa magorofani, simu mkononi, vitabu, tuisheni mpaka usiku. Kule Guangzhou, Uchina, watafiti walichukua shule kumi na mbili. Nusu wakawaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule, nusu wakawaacha kama walivyo. Baada ya miaka mitatu, walioachwa asilimia 39.5 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Waliotolewa nje ni asilimia 30.4. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Inaaminika ni mwanga wa mchana unaosaidia jicho lisirefuke kupita kiasi. Dakika 40 tu kwa siku. Jumapili moja haitoshi, kaka.

Baba wa Nyali

Hilo sikulijua. Nashukuru. Bado nina wasiwasi wa mtihani, lakini hilo la macho nitalifikiria, maana binti mwenyewe ameanza kukunja uso akitazama ubao.

Mwalimu wa Mtongwe

Baba, mtihani huu mpya unampa mtoto hali fulani kisha unamtaka aeleze, apime, atoe sababu. Aliyewahi kupima kitu halisi hujibu vizuri zaidi kuliko aliyekariri. Naliona hilo kwenye madaftari kila muhula. Kipindi kimoja kwa wiki hakili muda wa mtihani kwa sababu ni kipindi kile kile cha sayansi kilichokuwa kifundishwe, kimehamishwa mahali tu.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Nami niseme la Mji wa Kale. Watoto wa mitaa yetu wanazaliwa dakika tano kutoka Fort Jesus na wengi hawajaingia ndani. Wanaijua kwa mwaka: Wareno walianza kujenga 1593. Basi. Wanaandika, wanapata alama, wanasahau.

Wapelekeni wakasimame nje ya ukuta, hakuna atakayewadai kitu. Wauguse. Ni mawe ya matumbawe, ukitazama vizuri unaona alama za viumbe wa bahari mle mle ndani ya jiwe. Ukuta mzima ulitoka baharini. Wakazunguke waone pembe zilivyochongoka, kisha waulizwe: kwa nini mjenzi hakuufanya ukuta ulionyooka? Mtoto atasimama kwenye pembe moja na mwenzake pembe nyingine, wataona kila mmoja anamlinda mwenzake, hakuna mahali adui anaweza kujibanza. Hapo ndipo utakapowaeleza kwamba Waomani waliuzingira tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu, wala hawakuuvunja ukuta. Watu wa ndani walimalizwa na njaa na maradhi. Darasani tulifundishwa vita kama orodha. Pale ukutani unauliza: walikula nini? Maji walipata wapi?

Na sehemu ambayo haisemwi sana: tangu 1895 mpaka 1958 ngome ile ilikuwa jela. Wazee wetu walipita nje ya ukuta ule wakijua ndani mna watu wamefungwa. Bado wapo wanaokumbuka. Mwalimu akimwita mmoja aje akae na watoto kivulini, hayo hayamo kitabuni, na baada ya miaka michache hatutakuwa na wa kumwita.

Mkazi wa Bamburi

Huku kwetu kuna Haller Park. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mweupe tupu, hata magugu hayaoti. Kuanzia 1971 wakapanda mivinje. Miti ikashika, lakini majani yaliyoanguka yakawa hayaozi, udongo haupatikani. Wakaletwa jongoo wale wekundu miguu, wakala majani, mavi yao yakawa mbolea, udongo ukaanza. Leo ni msitu. Sijui somo gani la mazingira linaweza kulipita hilo. Ila kuingia ni kwa tiketi, na shule ya watoto mia si pesa ndogo.

Mwalimu wa Mtongwe

Ndiyo maana nasema tuanze na cha bure. Kisa cha Haller Park nakisimulia kila mwaka, halafu tunakwenda nyuma ya choo cha walimu penye mvinje mmoja, tunafukua majani kwa kijiti. Jongoo wapo. Udongo mweusi wa kidole kimoja upo, chini yake mchanga. Watoto wanauona udongo ukitengenezwa pale pale. Tiketi tutaitafuta siku tukiweza kuwapeleka wote.

Mama wa Mikindani

Naomba mtu aseme kuhusu uchafu. Mikoko ya huku kwetu inapita maji taka. Watu wa mazingira wanajua, sisi tunaoishi hapa tunanusa. Mwanangu aingie kwenye tope lile alambe jani? La hasha.

Mvuvi Mstaafu, Tudor

Umesema haki, dada. Kuna sehemu za mkono wa Tudor mimi mwenyewe siwezi kukanyaga bila viatu. Mahali pa somo pachaguliwe na mtu anayepajua. Lakini watoto wa Mikindani waje wasimame juu, kwenye nchi kavu, watazame. Mfereji unatoka wapi? Samaki wadogo wako upande gani na upande gani hawapo? Zamani tukikata miti tukiipanga fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kila unene una jina na kazi yake. Sasa mahali pengine hata boriti haipatikani. Huko Gazi, Kwale, wenzetu tangu 2013 wana Mikoko Pamoja, wanailinda mikoko na wanalipwa kwa kaboni inayoshikwa na miti, na pesa zimeingia kwenye maji na vitabu vya shule. Watoto wa huku wajue kwamba inawezekana, na wajue nani wa kuulizwa kwa nini kwao haikuwa hivyo.

Mzazi, Majengo

Mwanangu anatumia kiti cha magurudumu. Kila mara shule ikisema "tunatoka", yeye huambiwa abaki na mlinzi. Nimesoma uzi huu wote na hakuna aliyemtaja mtoto kama wangu mpaka sasa.

Mwalimu wa Mtongwe

Hapo umenigusa, na nakubali kabisa kwamba mpango usiomchukua mwanao haujakamilika. Kanuni iwe kwamba mahali panachaguliwa kwa kumtazama kwanza mtoto ambaye kufika kwake ni kugumu zaidi. Kwenu kisiwani, Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni, pametengenezwa tangu 2019, kuna njia za kuteleza vizuri na kuna mibuyu mikubwa ya kupima mzingo kwa kamba. Meli zinazoingia Kilindini zinapita karibu mpaka unasoma jina na bandari ya usajili. Hapo pana jiografia, hesabu na sayansi kwa mara moja. Kwetu Likoni tope la mikoko halitamfaa mtoto wa kiti, kwa hiyo ufito wa maji tutauweka kwenye ukingo wa saruji, sote tukasome hapo. Tope litangoja.

Dereva wa Tuktuk, Likoni

Mimi sina elimu kubwa lakini nina watoto watatu shuleni. Sisi madereva wa stejini tunaweza kusimamisha magari watoto wavuke. Tunawafanyia hivyo wazee wa msikitini Ijumaa. Mtuambie siku na saa tu.

Mama Wawili, Shika Adabu

Haya. Nimefuatilia siku tatu hizi na nimezungumza na wazazi wenzangu wanne. Masharti yetu ni haya. Ruhusa iwe ya maandishi kama ulivyosema. Sanduku la huduma ya kwanza na mtu anayejua kulitumia. Maji ya kunywa yatoke shuleni, mtoto asiambiwe anunue. Ramadhani msitoke juani. Kipindi kiishe kabla ya saa sita ili wa chuoni wasichelewe. Na mwaka mzima wa kwanza iwe ndani ya lango.

Mwalimu wa Mtongwe

Yote nayakubali isipokuwa la mwisho. Mwaka mzima ndani ya lango ni mrefu mno, watoto wa gredi ya 6 watakuwa wameshaondoka. Naomba muhula mmoja ndani, kisha bamvua ya kwanza ya muhula wa pili twende ukingoni, nusu ya darasa, na wazazi wanaotaka waje wajionee. Mzee wa Tudor, kama utakubali kuvuka, nauli ya matatu ya kurudi Tudor ni juu yangu.

Mvuvi Mstaafu, Tudor

Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, na miguu ninayo. Nitakuja. Mniambie mwezi ukiandama.

Mama Wawili, Shika Adabu

Muhula mmoja, sawa. Lakini siku hiyo nitakuwepo, na wenzangu wawili. Mwanangu ana pumu, dawa yake ya kuvuta nitaishika mwenyewe. Tukutane wapi?

Mwalimu wa Mtongwe

Langoni, saa tatu na nusu. Kila mtoto avae viatu vya kufunga na kofia, asiye na kofia tutampa kanga ya kujitanda. Daftari la hesabu, penseli, rula. Orodha ya watu wazima naianza leo: mimi, mwalimu wa gredi ya 5, Mzee wa Tudor, na nyinyi watatu. Bado natafuta mwenye cheti cha huduma ya kwanza. Anayemjua mtu upande huu wa Likoni aniandikie.